Kwa nini maji ya choya hayabadiliki rangi darasani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Sayansi na Teknolojia wa darasa la sita wilayani Bahi. Shule haina karatasi za litimasi za kupimia asidi na alkali, kwa hiyo nilifaragua kiashiria kwa kuchemsha choya kavu. Maji ya ubuyu hayakuleta badiliko lolote. Maji ya majivu, nilipotia kidogo, rangi ilibaki nyekundu, na nilipozidisha ikawa ya kahawia. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, hukukosea kuchagua choya, ambayo mkoani kwetu Dodoma inalimwa na hupatikana kwa bei nafuu, tatizo liko kwenye uzito wa mchemsho wako. Choya, ambayo wengine huiita rozela, ina rangi asili iitwayo anthosayanini, ambayo huwa nyekundu kwenye asidi na huelekea zambarau, kisha kijani cha bluu, kadiri ualkali unavyoongezeka. Lakini choya yenyewe ni chachu sana, hivyo mchemsho mzito ni asidi hata kabla hujatia chochote. Ndiyo maana ubuyu, ambao nao ni asidi, haukuonyesha kitu: ulichanganya asidi na asidi, rangi ikabaki nyekundu. Majivu machache nayo yalimalizwa na asidi ya choya yenyewe, na ulipoyazidisha, ualkali mkali uliivunja anthosayanini, ikabaki ile rangi ya njano inayoelekea kahawia ambayo hairudi tena hata ukitia ndimu.

Tumia maua matano au sita makavu ndani ya robo lita ya maji ya moto, yaache dakika kumi, uchuje, kisha uongeze maji mpaka rangi iwe ya waridi hafifu. Hapo ndipo penye kazi ya uangalifu: yeyusha magadi kidogo kwenye maji, uyadondoshe kwenye mchemsho tone moja moja huku ukikoroga, na usimame mara tu rangi inapoanza kuelekea zambarau. Kiashiria hicho kitageuka chekundu kwa ubuyu, ukwaju au ndimu, na kitakwenda kijani kwa majivu au sabuni ya mche, yaani wanafunzi wataona pande zote mbili.

Maji unayotumia yana mchango wake pia. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu yenye bikaboneti, ambayo yana ualkali kidogo na huweza kuigeuza rangi bila wewe kujua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora. Usichemshie kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi ya choya huila na madini yanayotoka hubadili rangi. Chungu au sufuria ya enameli inatosha. Na ukitaka kutengeneza vipande vya kupimia, jihadhari na karatasi za kuchapia, kwani nyingi zimetiwa chokaa. Kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa sabuni yote kinafaa zaidi.

Maji ya majivu yaliyokolea huunguza macho, kwa hiyo yachuje na kuyazimua wewe mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi. Asidi ya betri ya gari isiingie darasani kabisa, hata kama fundi wa jirani ataitoa bure.

Mchemsho huchacha na kuota ukungu baada ya siku chache, basi uandae asubuhi ya kipindi, na choya kavu uzihifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko, kwa sababu mwanga wa jua hufifisha rangi yake.