Kasha ni Sehemu ya Saketi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza ni kasha gani lililo bora kwa mradi wake wa kwanza wa elektroniki, lakini hakueleza kifaa chenyewe kitafanya kazi gani wala kitakaa wapi. Kila ninapopokea swali la namna hiyo huumia kidogo, kwa sababu hunikumbusha fundi niliyemheshimu sana, ambaye aliniambia mbele ya wenzangu kwamba ninapoteza muda kuhangaikia boksi badala ya saketi. Sikukubaliana naye wakati ule, na leo sikubaliani naye hata zaidi.

Amplifaya yangu ndiyo ushahidi ninaojivunia. Nilichagua kasha la alumini kabla sijalehemu chochote, nikazifunga transista za kutolea sauti, yaani vipande vya elektroniki vinavyoendesha spika na kupata joto, kwenye ukuta wake, kila moja ikitenganishwa na metali kwa kipande chembamba cha maika kinachozuia umeme huku kikipitisha joto, na hivyo kasha zima likawa kipozajoto. Alumini hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko plastiki, ndiyo maana amplifaya hiyo hupiga muziki jioni nzima bila feni. Kupiga msasa na kupanga matundu kulichukua muda mrefu, nami sitawachosha kwa hilo.

Hata hivyo, kasha hilohilo lingekinyamazisha kihisi changu cha hali ya hewa, ambacho hutuma vipimo kwa Wi-Fi, kwa kuwa metali iliyofunga pande zote huzuia mawimbi ya redio. Hicho nilikiweka ndani ya kasha la polikaboneti, plastiki ngumu, lenye kinga dhidi ya miale ya jua na la daraja la ukinzani la IP65, yaani vumbi haliingii na maji yanayorushwa kwa bomba hayaleti madhara. Ninyi mnaotumia printa za pande tatu, msiipeleke juani plastiki ya PLA: huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za selsiasi, ilhali plastiki nyingine za printa hizo hustahimili zaidi, PETG hadi karibu 80 na ABS karibu 100.

Penye umeme wa ukutani sina subira na mtu. Kasha la metali lazima liunganishwe na waya wa ethi, yaani ule unaopeleka umeme ardhini, kwa skrubu imara, ili waya wenye umeme ukichomoka na kuligusa, fyuzi ikatike kabla mkono wa mtu haujafika. Ukitumia plastiki, chagua isiyoshika moto kwa urahisi. Mbao na kadibodi ziachie miradi ya betri ndogo, tena isiyotoa joto. Mwenye haraka ya kumaliza asiguse kabisa miradi ya umeme wa ukutani.

Akriliki, plastiki inayong'aa kama kioo, inapendeza, lakini hupasuka karibu na skrubu, kwa hiyo itoboe polepole ikiwa imelazwa juu ya ubao. Na kwa kifaa cha nje, nyaya ziingilie upande wa chini, kisha acha hapohapo njia ndogo ya kutolea unyevu, kwa maana hewa iliyofungiwa ndani hutoa matone usiku unapopoa.