Ni Piriton au ni pampu inayomsinzisha darasani?

SWALI: Mwanangu ana miaka 10, ana pumu na mafua ya mzio. Anameza Piriton kidonge kimoja kutwa mara tatu, na kifua kikibana anavuta pampu ya bluu. Mwalimu analalamika kuwa anasinzia darasani na hesabu zimemshuka. Nimwachishe dawa ipi? – Mama, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Pampu usimnyang'anye. Salbutamoli, dawa iliyomo, haileti usingizi. Ikizidi hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio kwa muda, mtoto akakosa utulivu na mwandiko ukaharibika, basi.

Tatizo ni Piriton. Kidonge kizima, miligramu 4, ni dozi ya mtu mzima. Mtoto wa umri wake hupewa nusu. Tena dawa hii hupenya hadi kwenye ubongo na kuizuia histamini, kemikali ya mwili. Histamini hiyohiyo inayomwasha pua ndiyo inayomweka macho. Kidonge cha usiku asubuhi bado kimo mwilini, kwa hiyo kumpa usiku tu hakusaidii sana. Wengine hawasinzii kabisa, ila huwa wazito wa kushika wanachofundishwa, halafu wanaitwa wavivu. Wanaonewa.

Muulize mfamasia kuhusu loratadini, dawa nyingine ya mzio, mara moja kwa siku: miligramu 10 akizidi kilo 30, miligramu 5 akiwa chini ya hapo. Setirizini nayo inafaa, ila baadhi ya watoto huwasinzisha. Ukishabadilisha, Piriton iache kabisa, na usome lebo za dawa za maji za mafua na kikohozi, maana nyingi zina klofeniramini, yaani Piriton ileile.

Na usiku, je, anakohoa? Pumu isiyotulia hukatisha usingizi, na hapo hata ukibadilisha vidonge ataendelea kuamka amechoka. Akikohoa usiku, au akihitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, mpeleke kliniki wamtazame kama anahitaji pampu ya kinga ya kila siku, kwa mfano beklometasoni. Hiyo akishavuta, asukutue na kutema maji.

Akiandikiwa montelukasti, dawa ya kumeza ya pumu na mzio, angalia kama anapata ndoto za kutisha, hasira au huzuni. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo lake kali kabisa kwa sababu hiyo. Ukiona dalili hizo, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.