Kompyuta ya nyumbani na kazi za 3D: anza na printa, katuni baadaye

Mkuu, umeuliza kama kompyuta yako yenye RAM ya GB 8, bila kadi ya michoro ya maana, itakuwezesha kutazama 3D kwa miwani, kutengeneza katuni na kuprinti vitu vya kushika mkononi. Itakuwezesha. Ila usivivamie vyote kwa mpigo kama nilivyofanya mimi, na usidhani modeli moja, yaani umbo moja la 3D ulilolichora, itafaa kwa kazi zote tatu. Hapo ndipo nilipopoteza miezi.

Nilianza na Blender, programu ya bure ya kuchora vitu vya 3D, ambayo msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2002. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa kikombe chenye mkono. Kwenye skrini kiling'aa mpaka nikajiona fundi, nikaamua kukizungusha kwenye katuni ya sekunde 10. Piga hesabu: fremu 24 kwa sekunde ni picha 240, na prosesa yangu ilikuwa ikila dakika 6 kwa kila picha. Saa 24 nzima! Na kwa ujinga wangu nikaiagiza itoe faili moja la video. Karibu na mwisho mashine ikapata joto, ikazima, na faili halikufunguka tena. Siku hizi natoa picha mojamoja za PNG kisha naziunganisha. Ikizima baada ya kumaliza ya 180, naendelea na ya 181. Halafu Blender ina njia mbili za kutoa picha, Eevee ya haraka na Cycles ya polepole; ukiwa unajaribu tu, tumia Eevee, acha Cycles. Cycles inafuatilia njia ya mwanga, picha inapendeza lakini mashine ndogo inatoka jasho.

Printa ndiyo iliyonivua nguo. Kikombe kilekile kilipofika kwenye programu ya kukata tabaka, ile inayoigawa modeli kuwa tabaka nyembamba za kuprinti, sikukiona. Kumbe kilikuwepo, kidogo kuliko punje ya chumvi. Blender inahesabu kwa mita, faili la STL, linalopeleka umbo kwenye programu hiyo, linabeba namba tupu bila kipimo, na programu ile ikazisoma kama milimita. Nikazidisha kwa 1000, kikaonekana, na aibu nyingine zikaonekana. Ukuta haukuwa na unene wowote, ni ngozi tu. Mkono nao nilikuwa nimeuchomeka ubavuni bila kuuunganisha. Kamera haijali hayo, lakini printa yenye tundu la kutolea plastiki la milimita 0.4 itachora nini mahali pasipo na unene? Kipimo changu sasa ni hiki: ngozi ya modeli ingejazwa maji, ingevuja? Kama ndiyo, bado.

Tena sehemu ya chini ya mkono ilianzia hewani, plastiki ikaning'inia kama tambi. Nikaichora upya ipande kwa mshazari wa nyuzi 45, ikatoka safi bila nguzo za kuishikilia. (Usinywee chai humo. PLA, plastiki ya kuprintia niliyotumia, inalegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na mifereji kati ya tabaka haisafishiki vizuri.)

Kutazama kwa miwani ya nyekundu na samawati ndiko rahisi kuliko yote. Unaweka kamera mbili, zikiachana kama macho, yaani sentimita 6 na kitu. Mimi nilizigeuza kwa ndani, zote mbili zielekee kikombe. Pembe za picha zikapishana juu na chini, kichwa kikaniuma jioni nzima. Ziache zitazame mbele sambamba.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeanza na kuprinti, hata kama printa ni ya kuazima, kwa sababu ndiyo inayokulazimisha kuchora kitu kizima. Kukata tabaka hakuhitaji mashine kubwa, GB 8 zinatosha. Ukipata pesa ya kitu kimoja tu, fikisha RAM GB 16. Kadi ya michoro isubiri mpaka katuni iwe imekukolea kweli.