Maswali ya Wasomaji: Marejeleo mengi yanamwonyesha mtafiti bora wa RNA?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kuanza masomo ya uzamivu katika biolojia ya RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka DNA ndani ya seli), na nimebakiwa na wasimamizi wawili wa kuchagua. Wa kwanza ana makala zaidi ya 200 na kipimo cha h cha 62. Wa pili ana makala 38 na kipimo cha 21. Wenzangu wananiambia kwamba tarakimu hizo zimekwisha kuamua. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, tarakimu hizo hazijaamua lolote, ingawa si za kupuuzwa. Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mwenye h ya 21 ana makala 21 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 21. Kwa hiyo aliyeandika makala moja tu, hata ikirejelewa mara 10,000, anabaki na h ya 1. Na aliyekaa kazini miaka mingi anamzidi aliyeanza karibuni, kwa sababu kipimo hiki huendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kuandika. Kabla ya yote, linganisha miaka ambayo kila mmoja wao amekuwa akichapisha, na uhakikishe kwamba tarakimu zote mbili zimetoka kwenye hifadhidata moja, kwani Google Scholar kwa kawaida huhesabu marejeleo mengi kuliko Scopus au Web of Science.

Jambo ninalotaka ulizingatie zaidi ni kwamba katika fani yako makala zinazorejelewa kupita kiasi mara nyingi ni za mbinu. Mwaka 1987 Piotr Chomczynski na Nicoletta Sacchi walieleza namna ya kutenga RNA kwa hatua moja, na mwaka 2001 Kenneth Livak na Thomas Schmittgen wakaeleza njia ya kukokotoa mabadiliko ya utendaji wa jeni kutokana na data za PCR, mbinu ya kunakili vipande vya DNA mara nyingi. Kila moja ya makala hizo imerejelewa makumi ya maelfu ya mara, kwa kuwa anayetumia mbinu anawajibika kuitaja. Huo ni mchango mkubwa, nami nauheshimu, lakini unapima matumizi, na matumizi si kitu kimoja na kina cha ugunduzi.

Ugunduzi wenyewe unaweza kukaa kimya kwa miaka. Mwaka 1993 maabara ya Victor Ambros ilionyesha kwamba jeni lin-4 ya mnyoo mdogo C. elegans haitoi protini, bali hutoa RNA fupi ya takriban nyukleotidi 22 (nyukleotidi ni viungo vinavyounda RNA). Maabara ya Gary Ruvkun, katika toleo hilohilo la jarida, ikaonyesha jinsi RNA hiyo inavyozuia jeni nyingine, lin-14. Wengi waliliona hilo kuwa jambo la mnyoo peke yake. Mambo yaligeuka mwaka 2000, RNA nyingine fupi, let-7, ilipogunduliwa na kuonekana kuwa imo katika wanyama wengi, binadamu akiwa miongoni mwao, na ndipo utafiti wa mikroRNA, yaani RNA fupi za namna hiyo, ulipofurika. Tuzo ya Nobel iliwafikia wawili hao mwaka 2024. Aliyewapima mwaka 1998 kwa marejeleo ya makala hizo peke yake angewapunja sana. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa makala ya mwaka 2005 ya Katalin Karikó na Drew Weissman kuhusu RNA zilizobadilishwa kikemikali, ambayo haikuvuta macho ya wengi mpaka chanjo za UVIKO-19 zilipoonyesha thamani yake.

Sasa rudi kwenye orodha za wasimamizi wako. Tazama ni makala zipi zinazobeba marejeleo, na jina la msimamizi liko wapi. Katika biolojia, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi kubwa ya maabara, na la mwisho ni la kiongozi wake. Makala za miradi mikubwa hupandisha hesabu ya kila aliyeshiriki: ile ya mwaka 2012 ya mradi wa ENCODE, uliochunguza kazi za sehemu za jenomu ya binadamu, ilikuwa na waandishi zaidi ya 400. Makala za mapitio nazo hurejelewa sana bila kuwa na jaribio jipya hata moja. Angalia vilevile kama kuna makala zilizobatilishwa, maana marejeleo yake huendelea kuhesabiwa hata baada ya kubatilishwa.

Kisha chagua makala tatu za kila mmoja ambazo jina lake liko mwishoni, uzisome nzima, pamoja na data za nyongeza, na utazame nani ametajwa kwanza. Ikiwa msimamizi wa makala 38 ana wanafunzi wanaoongoza makala zao wenyewe na majaribio ambayo maabara nyingine zimeyarudia na kupata majibu yaleyale, mimi ningemwandikia yeye kwanza.