Maswali yenu: mono, koo na amoksilini za kujinunulia

Wiki hii nimechagua ya mono, ule ugonjwa wa virusi vya Epstein-Barr, mana yamekuja mengi na mengine yanafanana kabisa.

Mwanangu yuko kidato cha tano, alipata homa na koo lenye utando mweupe nikamnunulia amoksilini. Siku ya tano katoka vipele mwili mzima. Ni aleji? (Mama, Mwanza)

Pole mama. Lakini kabla ya aleji tuongee kwanza hilo neno "nikamnunulia", nani alimwangalia koo? Nimeshalisema hili mpaka nimechoka, utando mweupe kwenye mafindofindo sio ushahidi wa bakteria, mono nayo inaleta utando uleule, na kirusi hakiguswi na amoksilini hata umeze kopo zima. Sasa mtu mwenye mono akipewa amoksilini au ampisilini anaweza kutoka vipele vyekundu hivohivo ulivoeleza, na mara nyingi inakua sio aleji ya kudumu, ni kirusi na dawa vimekutana mwilini. Ila usijiamulie mwenyewe nyumbani, aleji ya kweli ya penisilini ipo na inaua. Simamisha dawa, mpeleke hospitali leo, taja jina la dawa na vipele vilianza siku ya ngapi, na akivimba midomo au kupumua kwa shida hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku. Mwambie daktari apapase na tezi za nyuma ya shingo, kwenye mono huwa zinavimba sana. Malaria apimwe pia, tuko Mwanza hapa. Na wasimwandikie tu "ana aleji ya penisilini" bila kuchunguza, ataikosa dawa nzuri na ya bei nafuu maisha yake yote kwa ajili ya vidonge vya kujinunulia.

Niko chuo Uingereza, daktari kanipima damu kasema ni mono, kanirudisha nikalale na ninywe maji. Si amenipuuza?

Hajakupuuza, kakutibu vizuri. Homa na koo huisha ndani ya wiki 2 mpaka 4 hivi, uchovu ndo unabaki na unaweza kuvuta miezi, kwa hiyo ongea na chuo mapema kuhusu mitihani usisubiri ufeli ndo uanze kujieleza. Parasetamo meza kwa dozi, usizidishe, mana mono huwa inagusa na ini, na kwa sababu hiyohiyo pombe weka pembeni. Huku kwetu watoto wengi wanavipata hivi virusi wakiwa wadogo sana, inapita kama homa yoyote na hakuna anayejua, anayekutana navyo ukubwani ndo anaangushwa kitandani kama wewe. Ukishindwa kumeza hata mate au pumzi ikibana, rudi hospitali.

Kipimo cha haraka cha mono siku ya tatu kimesoma hasi ila dalili zote ninazo.

Siku ya tatu ni mapema mno, wiki ya kwanza kile kipimo kinakosa kama mgonjwa mmoja kati ya wanne, rudia wiki ijayo. Ila mimi nataka upime na VVU, na hili nawaambia wote hata msioniuliza. Maambukizi mapya ya VVU yanaanza na homa, koo, tezi na vipele, yani ukiweka pembeni ya mono huwezi kutofautisha kwa macho, na kipimo cha kawaida cha kingamwili kinaweza kusoma hasi siku hizo za mwanzo wakati mtu anaambukiza sana. Kwa hiyo hasi ya leo isikutulize, mweleze daktari ukweli wako wa wiki zilizopita, uliza kama kuna kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, na urudie.

Majibu yangu: IgG chanya, IgM hasi. Nimesoma hivi virusi vinaleta kansa, sijalala.

Lala. IgG na IgM ni kingamwili kwenye damu, IgM ni za maambukizi mapya na IgG ndo zinazobaki, kwa hiyo majibu yako maana yake uliambukizwa zamani, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wako hivyo. Kansa ni kweli ipo, na virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1964 London kwenye vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda, ule uvimbe aliouchunguza daktari Burkitt akiwa Kampala. Ila wanaofika huko ni wachache sana kati ya wote wenye virusi. Wa kuhangaikia ni mtoto ambaye taya au tumbo linavimba haraka, huyo asipelekwe kuchanjwa chale kwa mganga wala kung'olewa jino, apelekwe hospitali kubwa.

Dawa yake ni ipi? (mmeuliza watu 6)

Hakuna ya kuviua, someni juu.

Ni ya kubusiana tu?

Ni mate, kwa hiyo hata kikombe kimoja na mswaki.

Nimepona, Jumamosi tuna mechi.

Hapana. Bandama linavimba kwenye mono na likigongwa linaweza kupasuka, ni nadra lakini ikitokea unavuja damu ndani kwa ndani. Hesabu angalau wiki 3 au 4 tangu siku ulipoanza kuumwa, kisha daktari akupime kwanza, na kunyanyua vyuma pia acha. Ukisikia maumivu makali ghafla chini ya mbavu za kushoto, au bega la kushoto linauma bila sababu, usinywe panado ukalala, tafuta usafiri hapohapo.