Kuzaa Tena Baada ya Kupata Mtoto Mwenye Selimundu

Ushauri wangu wa kwanza kwa wazazi ambao mtoto wao amegundulika kuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni kuchagua njia ya uzazi wa mpango mapema, hata kabla ya kuamua kama watazaa tena. Miezi inayofuata majibu ya maabara ni ya kulazwa, kuongezewa damu na kutupiana lawama, na mimba inayoingia katikati ya hali hiyo haiwapi wazazi nafasi ya kufikiri. Mimi na mume wangu tulichagua kipandikizi cha miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kuondolewa wakati wowote na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Wengine watapendelea kitanzi au sindano, na mama mwenye AS (aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu) kwa kawaida hazuiwi njia yoyote kwa sababu ya hali hiyo peke yake. Mama ambaye mwenyewe ana SS, yaani ana ugonjwa wenyewe, azungumze na daktari kabla ya kutumia vidonge vyenye estrojeni, kwa kuwa vinaongeza hatari ya damu kuganda.

Muda tulioupata tuliutumia kupima. Mtoto mwenye SS amerithi kwa mama na kwa baba pia, kwa hiyo yale maneno ya "kwetu hakuna ugonjwa huu", niliyoyasikia kutoka pande zote mbili za ukoo (na mama yangu mzazi ndiye aliyeyasema kwa sauti kubwa zaidi), hayana msingi. Mwenye AS haumwi na anaweza kuzeeka bila kujijua. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, ambako malaria imekuwepo kwa vizazi na vizazi na AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, watu wa namna hiyo ni wengi. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni), kwa maana kile cha kuangalia tu kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS.

Majibu yetu yalipotoka, sote AS, muuguzi wa kliniki alichora visanduku vinne nyuma ya kadi ya mtoto: AA (asiye na kinasaba hicho kabisa), AS, AS, SS. Mume wangu akauliza kama, kwa kuwa SS imeshatoka, watatu wanaofuata watakuwa salama. Nadhani wazazi wengi hujiuliza hivyo na kuona haya kutamka. Jibu ni hapana: visanduku huchorwa upya kwa kila mimba, na kila mara uwezekano wa SS ni asilimia 25. Familia moja inaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo, na nyingine isipate hata mmoja.

Namba hiyo peke yake haikutupa uamuzi. Kilichotusaidia ni kujiuliza hivi: ikiwa mtoto wa pili naye atakuwa na SS, tutaweza kuwatunza wote wawili? Hapo mazungumzo yaliacha kuwa ya bahati yakawa ya nauli ya kliniki, bei ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu ya kila siku, bima, na nani atabaki nyumbani mmoja akilazwa. Kila ninapomwogesha mwanangu hupitisha vidole chini ya mbavu zake za kushoto kuangalia bandama, kwa kuwa ikivimba ghafla hukusanya damu nyingi na mtoto anaweza kufariki ndani ya saa chache. Nilijiuliza kama ningeweza kulifanya jambo hilo kwa watoto wawili, usiku wa manane, mume akiwa safarini.

Ndugu nao wana hoja zao. "Mama Baraka, mzalie mwenzake, atakuja kumtolea uloto," aliniambia wifi yangu, na hoja hiyo imepata nguvu tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipoanza kuwapandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) watoto wenye selimundu mwaka 2023. Nampenda wifi yangu, lakini hesabu haiko upande wake. Uwezekano wa uloto wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana kikamilifu na wa mgonjwa ni robo, na wa kuzaliwa bila SS ni robo tatu, kwa hiyo vyote viwili kwa pamoja ni 3 kati ya 16. Sikuona haki kumleta mtoto duniani kwa kazi ambayo huenda asiiweze.

Tulisubiri hadi Baraka alipovuka miaka mitano, umri ambao hatari ya maambukizi makali hupungua, ndipo tukazaa mara moja zaidi. Jirani zetu wa kliniki waliishia kwa mmoja, na baba ndiye aliyefunga uzazi. Sioni kwamba sisi tuliwazidi ujasiri. Mkiamua kuzaa, mwambieni mkunga mapema kwamba nyote ni AS, na mtoto apimwe mara tu anapozaliwa. Miezi ya mwanzo himoglobini ya uchanga huficha dalili, ilhali penisilini ya kinga inapaswa kuanza kabla hajamaliza mwezi wa tatu.