Maswali na Majibu: Akili ya Kawaida na Hisi ya Pamoja

Natafsiri makala na nimekwama kwenye "common sense". Niandike nini?

Tazama kwanza anazungumziwa nani. Mtu aliyelala na jiko la mkaa likiwaka chumbani, madirisha yamefungwa, amekosa akili ya kawaida. "Busara" hapo ni kubwa mno: busara tunaitarajia kwa wazee, akili ya kawaida hata kwa kijana wa miaka 15. "Hisia ya kawaida" ni kosa, msomaji atafikiria mambo ya moyoni. Lakini kama makala ni ya falsafa ya kale, andika "hisi ya pamoja", maana ni jambo jingine kabisa.

Jingine kivipi?

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, hakuwa akizungumzia uamuzi mzuri. Chukua sukari: jicho linaona weupe, ulimi unaonja utamu. Jicho halionji, ulimi hauoni. Basi ni nini kinachojua kwamba weupe na utamu ni vya kitu kimoja? Jibu lake ni uwezo mmoja unaokutanisha habari za milango yote mitano ya fahamu.

Milango hiyo hukosana pia. Pandisha kidole cha kati juu ya cha shahada, fumba macho, kisha viringisha punje moja ya dengu katikati ya ncha za vidole hivyo vilivyopishana. Utahisi punje mbili, kwa sababu pande hizo za nje za vidole hazijazoea kuguswa na kitu kimoja kidogo kwa pamoja. Ukihisi moja, punje inagusa kidole kimoja tu, isogeze. Fumbua macho: ni moja. Mfano huu wa vidole aliutaja Aristotle mwenyewe, akasema kuona kuna mamlaka kuliko kugusa.

Wanazuoni wa Kiislamu waliiitaje?

Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliiita *al-hiss al-mushtarak*, akaiweka sehemu ya mbele ya ubongo. Tone la mvua likianguka tunaona mstari, ingawa kila mara tone lipo mahali pamoja tu. Zungusha kijinga cha moto gizani, utaona duara. Kwa hiyo ndani kuna kinachoshika picha iliyopita na kuiunga na iliyopo. Sikia maneno yenyewe: *hiss* ndiyo hisi yetu, *mushtarak* ni ndugu wa shirika. Kiswahili kina malighafi yote. Inaumiza kuona watafsiri wakichanganya hisi ya pamoja na akili ya kawaida.

Ilifikaje kwenye siasa?

Kwa Kilatini, *sensus communis*, neno lilikwisha kubeba pia maana ya uelewa wa jamii. Mwaka 1764 mwanafalsafa Thomas Reid wa Scotland aliitetea akili ya kawaida kama mambo ambayo hakuna anayeweza kuishi bila kuyakubali, mfano kwamba vitu vipo nje ya mawazo yetu. Januari 1776, huko Philadelphia, Thomas Paine alitoa kijitabu chake *Common Sense*: ni upuuzi bara zima, Amerika, kutawaliwa daima na kisiwa, Uingereza. Hoja hiyo haikuhitaji shule kuielewa, na hapo "akili ya kawaida" ndiyo tafsiri sahihi.